Kabla Hujailaumu Nukta Yako ya Kwanta

Msomaji mmoja amenitumia grafu na swali: kwa nini awamu (hatua ya wimbi) ya elektroni zinazopita kwenye nukta yake ya kwanta, yaani kisanduku kidogo mno cha kunasia elektroni, inaruka tu kutoka 0 hadi π, bila kupitia katikati? Nukta haina kosa. Tatizo ni ncha.

Awamu hupimwa kwa pete, njia ya elektroni inayogawanyika mikono miwili, mmoja ukiwa na nukta; lakini pete yenye ncha mbili, moja ya kuingizia mkondo na nyingine ya kuutolea, haipimi awamu. Kanuni ya Onsager inataka upitishaji ubaki uleule ukigeuza mwelekeo wa uga wa sumaku, kwa hiyo penye uga sifuri wimbi la Aharonov-Bohm (kupanda na kushuka kwa upitishaji uga unapobadilika) lazima liwe kileleni au bondeni. Yacoby, Heiblum na wenzao wa Taasisi ya Weizmann, Israeli, walikutana na mruko huohuo mwaka 1995. Walithibitisha kwamba sehemu ya mkondo hubaki na mshikamano wa awamu, yaani wimbi lake halivurugiki. Awamu yenyewe ilipimwa katika jaribio la 1997, pete ilipofunguliwa kwa ncha za pembeni zilizofungwa ethi. Elektroni inayorudi nyuma humezwa humo, haizunguki tena. Hapo awamu ilipanda taratibu kwa π ndani ya kila kilele cha Coulomb (kilele cha upitishaji nukta inapopokea elektroni moja zaidi), kisha ikaporomoka ghafla kati ya vilele. Mporomoko huo ni wa kweli. Usiufute ukidhani ni kelele.

Fungua pete basi, na ukubali kwamba ishara itakuwa ndogo sana. Kwa pete ya GaAs (aina ya semikonda) yenye kipenyo cha µm 1, kipindi cha h/e, yaani badiliko la uga linalokamilisha wimbi moja, ni kama mT 5.3, hivyo songeza uga kwa hatua za mT 0.4 hivi. Ukiona pia kipindi cha nusu yake, bado kuna elektroni zinazozunguka zaidi ya inavyopasa.

Mikono isawazishwe kwa geti (elektrodi inayodhibiti mkondo kwa volteji) la mkono wa pili, usio na nukta. Mmoja ukipitisha mara 100 ya mwenzake, mwonekano wa mawimbi (ukubwa wake ukilinganishwa na wastani wa upitishaji) haupiti asilimia 20 hata mshikamano ukiwa kamili. Watu wanaandika “mshikamano umepotea” kabla ya kupiga hesabu hii. Acheni!

Halafu joto. Kipimajoto cha jokofu hupima jokofu, si elektroni. Kwenye mK 20, kT (nishati ya joto, k ikiwa namba ya Boltzmann) ni µeV 1.7 tu; volteji ya kupimia ikizidi µV 1.7, unazipasha elektroni mwenyewe. Dhoofisha muungano wa nukta na ncha, pima upana wa kilele kwenye nusu ya kimo, ugeuze kuwa nishati kwa kutumia almasi za Coulomb (ramani ya upitishaji kwa volteji ya geti na ya ncha), kisha gawanya kwa 3.5k. Ukipata mK 200, rudi kwenye vichujio vya nyaya.

Mwisho, funga kabisa mkono wa pili: mawimbi lazima yatoweke. Kisha rudisha geti la nukta kwenye volteji ya mwanzo. Kilele kikiwa kimehama, chaji imeruka kwenye sampuli, na mfululizo huo wa vipimo ni wa kutupa.