Daktari wa mbwa ni ghali ukimwita peke yako

Mimba ya mbwa huchukua siku 63 hivi. Nimezihesabu mara tatu, hapa kwangu nje kidogo ya Njoro, Kenya, nikimtazama Popi akivimba na kujiuliza safari hii watoto nitampa nani. Mzao wa kwanza majirani waligombania. Wa pili niliwabembeleza wachukue. Wa tatu walikuwa wanane, na mtu mmoja wa humu nyumbani, simtaji, akawatia majike watano kwenye gunia la mbolea na kuwapeleka "mbali" kwa bodaboda usiku. Mbali kwenyewe kumbe ni sokoni. Wiki mbili baadaye nilimkuta mmoja wao, yule mwenye baka jeupe kidevuni, amejikunyata chini ya kibanda cha viazi. Alinijua, akaja akitikisa mkia.

Siku hiyo hiyo nikampigia daktari wa mifugo. Kumfunga Popi kizazi, akaniambia, ni shilingi 7,000. Mimi nauza maziwa ya ng'ombe mmoja. Nikasema asante daktari, nikakata simu.

Kosa nililofanya baada ya hapo ndilo limenifanya niandike haya. Kuna kijana hupita kwetu akipandisha ng'ombe kwa mrija, akaniambia ana sindano ya kuzuia jike asiingie joto la kutaka dume, 500 tu. Kweli, Popi hakupata mimba tena. Lakini miezi michache baadaye akaanza kunywa maji kama mwenye kiu ya jangwani, akakataa chakula, na nyuma akawa anatoa uchafu wenye harufu ambayo sitaisahau. Mji wa mimba ulikuwa umejaa usaha. Daktari alieleza kwamba zile homoni za sindano huongeza hatari ya ugonjwa huo. Akampasua usiku, kwa taa ya sola na tochi ya simu yangu. Bili ikawa 14,000, nikakopa kwenye chama chetu cha kukopeshana.

Popi alipona. Nilipokuwa nikilipa deni kidogo kidogo, nilimuuliza daktari swali ambalo ningemuuliza tangu mwanzo: zile 7,000 zilikuwa za nini? Akanichambulia. Kuna nusukaputi, nyuzi, glavu, dawa ya maumivu, dawa ya kuzuia kidonda kisioze. Halafu kuna mafuta ya gari kutoka mjini na nusu siku yake nzima kwa mbwa mmoja. "Mama, ukinikusanyia kumi mahali pamoja, penye paa na maji, tutaongea bei nyingine."

Basi ushauri wangu ni huo: usitafute msaada wa mbwa wako, tafuta msaada wa orodha ya mbwa wengi.

Nilianzia kwenye chama. Sikuwaambia habari za huruma, maana wangecheka. Nilizungumza habari za kondoo. Mbwa koko walikuwa wameua kondoo wawili wa jirani yetu mwezi ule, na kila mama pale alijua mbwa hao wametoka kwenye magunia yetu wenyewe. Nikagusia pia kichaa cha mbwa. Mtoto akiumwa na mbwa, unaosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha unakimbia hospitali kuanza sindano ambazo ni kadhaa, kila moja na tarehe yake na nauli yake. Kulinganisha na hapo, kufunga kizazi ni pesa kidogo. Wakakubali kukopesha kila mwanachama, alipe kwa miezi mitatu, bila riba. (Mweka hazina alitaka riba. Tulimshinda kwa kura.)

Orodha niliipata siku ya chanjo. Maafisa wa mifugo wa kaunti huja kuchanja mbwa dhidi ya kichaa, mara nyingi karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Mwulize afisa wa wadi yako au chifu. Siku hiyo kila mwenye mbwa yuko pale na kamba mkononi, huna haja ya kuzunguka nyumba kwa nyumba. Nilikaa na daftari: jina la mwenye mbwa, simu, jike au dume, umri, kama amezaa, na anaweza kutoa pesa ngapi. Hiyo ya mwisho iandike kwa kila mtu. Hata mwenye kutoa 200 anamtunza mbwa vizuri baadaye kuliko aliyepewa bure.

Daftari hilo ndilo lililofungua mlango. Niliandikia mashirika matatu ya kutetea wanyama (mengi ya aina hiyo yako Nairobi). Mawili hayakujibu. La tatu lilijibu baada ya wiki tano: wangelipia dawa na nyuzi, sisi tulete daktari, mahali na mbwa. Nadhani walichopenda ni kuona barua ina idadi na jina la daktari aliyesajiliwa na bodi ya madaktari wa mifugo. Dai usajili huo, hata kama mtu ni mpwa wako. Wanaokaa karibu na vyuo vinavyofundisha udaktari wa mifugo, kama Egerton hapa kwetu au Kabete kule Nairobi, waulize pia huko.

Kwa pesa hizo na punguzo la daktari, kila jike liligharimu 2,000. Majike kwanza, tulikubaliana, kwa sababu ukihasi madume tisa na kuacha mmoja, huyo mmoja anatosha kijiji kizima. Wazee hata hivyo walikuwa wameshagoma kuhusu madume, eti mbwa aliyehasiwa habweki. Anabweka. Asichofanya sana ni kukesha kwenye malango ya watu. Paka tuliwasahau kabisa, nami najilaumu, maana paka jike hushika mimba akiwa na miezi minne au mitano tu.

Tulitumia banda la kukusanyia maziwa, baada ya maziwa ya asubuhi kuondoka. Meza mbili, madumu ya maji, na kamba imefungwa nguzo hadi nguzo ya kuwatenganisha. Walipasuliwa tisa. Waliamka wakiyumba kama walevi, kila mmoja na mwenyewe ameketi kando yake kwenye gunia, na niliona mzee aliyekuwa akituita wapumbavu amemvika mbwa wake koti lake. Wape watu maagizo kwa maandishi na uwasomee: wasilowe, wasilambe kidonda, nyuzi zitolewe baada ya siku 10 hadi 14.

Waliofika walikuwa kumi, wa kumi akarudishwa. Alikuwa yule wa kibanda cha viazi. Mwenye kibanda alimleta mwenyewe amefungwa kwa kamba ya gunia, 500 mkononi, nami nilikuwa nimeahidi kuongeza iliyobaki. Daktari akamuuliza, amekula? "Hapana daktari, chapati moja tu, nilimwonea huruma." Na mbwa mwenye chakula tumboni halazwi, anaweza kutapika akiwa usingizini akapaliwa.

Daktari anarudi Novemba. Nimempa mwenye kibanda kufuli, amfungie stoo tangu saa mbili usiku, na chapati aziweke juu.