Mwanangu, kuhusu ile amina

Mwanangu Koku,

Meseji yako niliiona usiku uleule ulipofika Dar, nikaisoma, nikazima data nikalala, yaani nikajifanya nimelala. Asubuhi nikaisoma tena huku nachambua maharage nikaona hapana, hii haijibiwi kwa kile kidoli cha mikono ya kuomba. Umeandika hivi: "Mama, pale msibani mhubiri aliposema Babu alipewa nafasi akaichezea na sasa majuto ni mjukuu, wewe ulikuwa umekaa mbele ukaitikia amina. Unaamini kweli Babu yuko motoni? Usinijibu kama mzee wa kanisa, nijibu kama mama yangu."

Siamini. Niliacha kuamini kabla hata hujazaliwa. Na amina niliitikia, tena kwa sauti, umesikia vizuri. Yote mawili ni kweli na ndo maana imenichukua siku nne kukuandikia, bando limeisha mara mbili.

Unajua sisi walokole wa zamani tuna jambo letu tunaita kutembea nuruni, yaani kuungama wazi mbele ya wenzako. Nyie mmekua mmekuta mambo ya spika kubwa na kinanda na mtume anayeuza mafuta, lakini ule uamsho ulioanzia Gahini kule Rwanda miaka ya 1930 ukapita Uganda ukaingia kwetu Kagera haukuwa hivyo. Watu walikuwa wanakaa duara, mtu anasimama anasema mimi niliiba mbuzi wa fulani, kesho anampeleka, mume anamwomba mke msamaha watu wote wanasikia, na wapo wamisionari Wazungu waliosimama wakaungama kiburi chao mbele ya Waafrika, enzi zile za ukoloni, hebu fikiria. Halafu wanaimba Tukutendereza, ule wimbo wa Kiganda wa kumsifu Yesu, wanakumbatiana, basi. Mimi niliokoka mwaka 1985 katika watu wa namna hiyo na nikikwambia nilijuta nitakuwa mwongo. Kwa hiyo nafanya walichonifundisha: naungama kwako. Ile amina ilikuwa ya woga. Nimekaa benchi lile la mbele miaka na miaka, mdomo umezoea, mhubiri akipandisha sauti tu unajikuta umeshaitikia kabla hujasikia alichosema, na hata niliposikia sikuwa na ujasiri wa kusimama.

Sasa nikwambie habari za Babu ambazo hamkuambiwa.

Babu alikuwa darasa la ubatizo. Ndiyo, huyohuyo. Alikuwa amebakiza miezi michache, jina ameshachagua, akitaka kuitwa Petro. Mwaka 1978 mwezi wa kumi majeshi ya Idi Amin yakaingia, tukakimbia kuelekea Kyaka tukavuka mto kabla daraja halijalipuliwa, mimi nina miaka kumi na sufuria kichwani. Ndugu yake Babu alibaki kuangalia ng'ombe. Hatukumwona tena, wala ng'ombe. Tuliporudi 1979 tukakuta nyumba haina bati hata moja na mjane wake, Bi Zaituni, yuko pale na watoto watatu. Babu akamrithi kama ilivyokuwa desturi, na Bi Zaituni ni Mwislamu unavyomjua, hakumwambia abadilike, alimnunulia na msala.

Mwalimu wa ubatizo akamwita. Akamwambia chagua, maji ya ubatizo au mke wa pili. Babu akauliza swali moja tu, bibi yako amenisimulia mara nyingi: "Nimfukuze aende wapi?" Hakupata jibu. Akatolewa darasani. Lakini Koku, ile paa ya kanisa upande wa kushoto ni kahawa yake ile, aliitoa yote msimu mzima. Bati zake zilibatizwa, yeye hapana.

Nikaja kusoma baadaye, nikiwa naongeza elimu ya dini kwa masomo ya jioni, kwamba maaskofu wa Kianglikana walikutana Lambeth kule London mwaka 1888 wakakata kwamba mwenye wake wengi asibatizwe. Halafu mwaka 1988 wakakutana tena, miaka mia kamili, wakasema anaweza kubatizwa na wake zake bila kulazimishwa kuwaacha, ila aahidi kutoongeza na Waanglikana wa mahali pake wakubali. Sisi si dhehebu hilo, najua, lakini nilicheka peke yangu mle darasani mpaka mwalimu akaniangalia. Nilikuwa najiuliza aliyekufa 1987 wanamfanyaje. Wanamtoa motoni wanamwambia samahani mzee, kikao kimeahirishwa kimeitishwa tena?

Cheko hilo lilikuwa la uchungu kwa sababu ya mama yako mkubwa, dada yangu.

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchi hii waligundulika huku kwetu Kagera mwaka 1983. Watu hawakusema UKIMWI, walisema Juliana, kwa jina la zile nguo za magendo zilizokuwa zinaletwa kutoka Uganda, maana walioanza kufa ndo hao waliokuwa wanavuka mpaka na biashara. Dada alikuwa mmoja wao. Alirudi mwaka 1988 amekwisha, shingo kama ya kuku. Na kanisani tulikuwa tunahubiriwa kila Jumapili kwamba ni fimbo ya Mungu kwa wazinzi, tunaitikia amina, unaona hiyo amina ilivyoanza zamani.

Tukaenda kumtembelea, sisi ndugu wa ushirika. Mimi nimo, nina miaka ishirini, Biblia kwapani. Tukasimama mlangoni, hatukuingia. Kiongozi akasema hatuwezi kumwombea mpaka aungame. Mwanangu, dada alikuwa na vidonda mdomo mzima, hata mate yalikuwa hayapiti, aungame na nini? Tumesimama pale tunaimba kwa sauti ya chini, mara Babu anatokea nyuma na beseni la maji ya moto, anatuangalia, anasema, "Nipisheni." Hilo tu. Bi Zaituni alikuwa ndani anamwosha, glavu zenyewe nani alikuwa nazo siku zile, na Babu alichukua mashuka akaenda kuyafua mwenyewe nyuma ya nyumba. Mwanaume wa Kihaya wa umri wake, anafua mashuka ya mgonjwa mchana kweupe, watu wanapita njiani wanaona. Alifanya hivyo miezi mitano mpaka dada alipokufa mwaka 1989.

Mpagani na Mwislamu ndani, waliookoka mlangoni. Hiyo picha haijanitoka. Ukifungua Mathayo 25, pale kwenye kondoo na mbuzi, Mfalme haulizi nani aliongozwa sala ya toba. Anasema nilikuwa mgonjwa mkaja kunitazama. Na wale kondoo wanashangaa, wanauliza lini? Hawakujua hata kama walikuwa wanafanya dini. Babu hakujua.

Lakini sikuacha palepale, nisijifanye shujaa. Nilijiambia Mungu anajua, nikaendelea kuhubiri moto sokoni na vijana wenzangu. Kilichonivunja ni yale mauaji ya kimbari ya Rwanda mwaka 1994. Maiti zilikuwa zinashuka mto Kagera kutoka Rwanda siku baada ya siku kuelekea ziwani, tukaacha kula samaki. Na Rwanda ndo Gahini, ndo chimbuko letu, nchi ambayo karibu kila mtu amebatizwa, watu wameuawa ndani ya makanisa walikokimbilia, kule Ntarama, kule Nyamata. Wapo ndugu wa uamsho waliokufa kwa kukataa kuua, nisiwasingizie. Wapo pia waliookoka waliokamata panga. Na kuna Waislamu kule waliowaficha majirani zao wakati Wakristo wanaua, hilo limeandikwa na kusemwa sana. Sasa mimi nikapiga hesabu ile tuliyofundishwa: muuaji aliyeongozwa sala mwaka 1980 anaenda mbinguni, Mwislamu aliyemficha jirani chini ya kitanda anaenda motoni milele. Nikapiga tena. Jibu lilelile. Nikajua kosa haliko kwenye kujumlisha, liko kwenye hesabu yenyewe.

Najua utaniuliza, maana wewe ni mbishi kama Babu: basi hao wauaji waende tu peponi hivihivi? Hapana. Mimi nautaka moto, tena nautaka sana. Ila Paulo anasema mahali, Wakorintho wa Kwanza sura ya 3, kwamba kazi ya mtu ikiteketea atapata hasara, "ila yeye mwenyewe ataokolewa, lakini ni kama kwa moto." Na Malaki anamlinganisha Mungu na msafishaji wa fedha, yale madini. Msafishaji hachomi fedha kwa hasira, anakaa hapo anaangalia mpaka uchafu utoke. Nataka yule aliyekamata panga asimame mbele ya aliowaua aone alichofanya bila kujificha, iungue ndani yake mpaka iishe, hata ikichukua muda ambao sisi hatuna kalenda yake. Hiyo naiita haki. Ila kumchoma mtu milele ambapo hakuna kinachosafishwa, hakuna anayejifunza, hakuna aliyeuawa anayefaidika, hiyo mimi siioni kwa Baba wa Yesu.

Na hilo neno jehanamu, unajua ni bonde? Bonde la Hinomu, pale kusini mwa Yerusalemu, lipo mpaka leo. Zamani wafalme wabaya walichoma watoto wao pale kama sadaka, na Mungu anasema kwa kinywa cha Yeremia, sura ya 7, kwamba jambo hilo hakuliagiza wala halikuingia moyoni mwake. Niliposoma mstari huo niliweka kitabu chini. Kuchoma watoto hakukuingia moyoni mwake, halafu sisi tukaja kumpa kazi hiyohiyo, tena ya milele.

Usifikiri ni mama yako wa kijijini amejitungia. Askofu Gregori wa Nisa, karne ya 4, alitumaini mwisho wa yote ni watu wote kurejezwa kwa Mungu. Na kule Natal, Afrika Kusini, alikuwepo askofu Mwingereza, Colenso, Wazulu walimpa jina Sobantu, baba wa watu. Huyu alichukizwa na mahubiri ya kuwaambia Wazulu mababu zao wote wako motoni, na alikataa wanaume wenye wake wengi walazimishwe kuwafukuza ndo wabatizwe, na mwaka 1861 akaandika kwamba adhabu ya milele haipo namna ile inavyohubiriwa. Mwaka 1863 wakamhukumu kumvua uaskofu, kwa hilo na mengine. Nilipomsoma nilitamani angekuwa ndo mwalimu wa lile darasa la ubatizo mwaka 1979. Kanisa kubwa halijakubaliana nao hawa, nakwambia ukweli usije ukabishana na mchungaji ukasema mama amesema yameshapitishwa. Hayajapitishwa. Mimi natumaini, na sioni dhambi kutumaini. Kila Jumapili tunakiri kwamba Yesu alishuka kuzimu. Alikwenda kufanya nini kule, kutembea?

Umeandika pia mwishoni, kwa herufi ndogondogo kama mtu anayenong'ona, kwamba tangu mwaka jana huendi kanisani na huwezi kusali, ukifumba macho unaona yule Mungu wa kwenye spika. Sitakwambia rudi. Kama huyo ndiye unayemwona ukifumba macho, basi kaa macho wazi kwanza. Mimi bado naenda kwa sababu ya Yesu na kwa sababu ya nyimbo, na kusema kweli kwa sababu ya wale kina mama wa Jumatano, nikiumwa ndo wanaoniletea uji. Yesu sijamwacha. Nilipomtoa yule mlinzi wa moto pale mlangoni ndo nilianza kumwona vizuri. Lakini hiyo ni njia yangu, yako sijui.

Sasa la mwisho. Jumamosi nilikwenda kwa mhubiri yule. Sikwenda kugombana, nilimwambia tu yule mzee ni baba yangu na nikamsimulia habari ya mashuka. Alinyamaza muda mrefu halafu akasema atanitafuta. Hajanitafuta. Tutaona.

Kutoka pale nikapita kwa Bi Zaituni, maana yeye ndiye aliyeniuma zaidi, alikaa nyuma yetu na mtandio wake akasikia yote, na mume wake yuko kwenye jeneza mbele yake. Nikapiga magoti, nikamwambia mama, naomba unisamehe, siku ile waliposema mzee yuko motoni mimi niliitikia amina. Akaniangalia kama hanielewi. Akasema, "Kumbe walisema hivyo? Mimi nilikuwa simsikilizi, mwanangu, nilikuwa nahesabu sahani. Nilijua zile za upande wa migombani hazitatosha."

Kisha akaniambia nimsaidie kuanika kahawa. Tulianika mpaka jua likazama. Anasema ukija Desemba umletee dawa ya magoti, ile ya kupaka ya kopo la kijani, huku haipatikani.

Mama