Barua kwa mwanangu: waya wako na siku isiyo na upepo

Mwanangu,

Nimepata barua yako na nimeisoma mara mbili, ya pili kwa miwani. Unauliza: siku ya onyesho la waya wako unaoimba kwa upepo, upepo ukigoma, nawe ukautetemesha kwa sumaku na umeme, utakuwa umewadanganya watu? Nitakujibu. Ila kwanza tuelewane kuhusu waya wenyewe, maana umeandika kwamba umeufunga mrefu "ili utoe besi", na hapo nikatikisa kichwa. Mjukuu wa fundi wa nyaya za simu kuandika hivyo!

Urefu hauleti besi. Upepo ukipita kwenye waya, nyuma yake huacha visulisuli vidogo, kimoja juu, kimoja chini, kwa zamu, na kila kinapobanduka kinausukuma waya. Ndiyo maana waya hauendi na upepo mbele na nyuma. Hutetemeka kwa kuukata. Mwaka 1878 Mcheki mmoja, Vincenc Strouhal, alionyesha kwamba sauti hiyo hufuata kasi ya upepo na unene wa waya, basi. Hesabu yake unaiweza hata ukiwa umesinzia: kasi ya upepo zidisha kwa 0.2, gawanya kwa unene, vyote kwa mita. Upepo wa mita 5 kwa sekunde ukikuta waya wa milimita 1, unadai mitetemo 1,000 kwa sekunde, sauti nyembamba ya kutoboa masikio. Upepo uleule kwenye waya wa milimita 4 unadai 250. Besi unaipata kwa waya mnene au kwa upepo wa polepole, na upepo wa polepole hauna nguvu ya kuuamsha waya mnene. Hapo ndipo kazi ilipo, mwanangu, si kwenye sumaku.

Urefu una faida nyingine. Waya wa mita 30 uliokazwa sawasawa, mtetemo wake wa msingi waweza kuwa mara 2 au 3 tu kwa sekunde. Sikio haliusikii. Lakini juu ya msingi huo kuna ngazi nzima ya sauti, na vidato vyake vimebanana kiasi kwamba upepo wowote ukija haukosi pa kukanyaga. Na kwa kuwa upepo wa ncha hii si upepo wa ncha ile, vidato vingi huimba kwa pamoja, vinasigana, sauti inavimba, inanywea, inavimba tena. Kile kinubi kifupi cha kuwekwa dirishani kipigwe na upepo, alichokieleza padre Mjerumani, Athanasius Kircher, mwaka 1650, hakifanyi hivyo. Kwenye kinubi hicho, nyuzi nene na nyembamba zote hukazwa sauti moja, kisha kila uzi huchagua kidato chake, na upepo ukipanda unazisikia zinaruka, hazitelezi. Vyote ninavipenda. Waya mrefu naupenda zaidi, unajua kwa nini.

Babu yako hakuupenda. Nilikuwa nikiweka sikio kwenye nguzo ya simu mpaka shavu linapata alama za mbao, naye ananivuta kwa ukosi: "Huo si wimbo, ni waya unakatika." Na alikuwa sahihi! Waya unaotetemeka usiku na mchana huchoka pale uliposhikwa, mwisho hukatika. Ukitazama nyaya kubwa za umeme, karibu na nguzo utaona vipande vya waya vinaning'inia vikiwa na uzito kila ncha. Vilibuniwa na mhandisi Mmarekani, Stockbridge, miaka ya 1920, vinyonye huo mtetemo. Dunia nzima mafundi wanahangaika kuunyamazisha waya, sisi wawili tunahangaika uimbe.

Haya. Siku ya onyesho.

Unaikumbuka ile siku niliyowaalika watu, au ulikuwa mdogo mno? Waya ulikuwa umefungwa kutoka kwenye mti hadi kwenye lile sanduku kubwa la mbao, ncha moja ikapita juu ya kigongo kilichogandishwa kwenye uso wa sanduku, maana waya mtupu hausikiki mbali. Lazima utikise kitu kipana. Wiki nzima ulikuwa unaimba. Ukiweka kiganja kwenye sanduku, unaihisi sauti kabla hujaisikia, kitu kinatambaa chini ya ngozi, halafu ndipo inapanda. Watu wakaja, wakakaa. Jani halikutikisika.

Nikawaambia tusubiri. Wakasubiri, kwa adabu kabisa. Mtoto akaanza kulia, mtu akakohoa, na mimi nimesimama pale na mikono yangu. Ndipo mjomba wako akainuka, akaokota kijiti, akaanza kuugonga waya. Si vibaya, yule ana mkono wa ngoma, hilo simnyimi. Sanduku likanguruma, watu wakacheka, wakapiga makofi, wengine wakasimama kucheza. Hadi leo tukikutana nao wanasema, "Ile siku ya waya, ilikuwa tamu!" Na mjomba wako anajibu, mbele yangu, "Niliiokoa siku."

Aliokoa nini? Walikuja kusikia kitu kimoja, wakaondoka na kingine, na hakuna aliyejua kuna tofauti. Hicho ndicho kinachoniuma, si makofi.

Usiku ule upepo ulikuja. Watu wameshaondoka, viti vimepangwa, waya ukaanza polepole, ukapanda mpaka kuta zikaitikia. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za nyuma. Mjomba wako, kutoka chumbani, amelala fofofo nusu saa kabla, akapaza sauti: "Hebu zimeni hiyo redio!" Nilicheka hadi machozi yakanitoka. Sikumwambia. Mpaka leo hajui alichokisikia.

Mimi nimesema siku zote: funga vizuri, kisha ondoka. Kazi ya mwenye waya inaishia kwenye kufunga.

Najua utaniuliza. Kuchagua unene si kupiga? Kukaza, kulegeza, kuuelekeza waya ili upepo uupige ubavu badala ya kuufuata urefu, si kupiga? Na Alan Lamb je, yule wa Australia ninayemsifu kila siku? Alirekodi nyaya za simu zilizotelekezwa kule Australia Magharibi, kisha akachagua, akapanga, akatunga kutokana na alichorekodi. Mikono yake imo. Nami sanduku lile nililipiga randa nikaliandaa, sikuliacha lijifanye lenyewe. Kwa hiyo "ondoka" yangu ina mipaka, nakubali. Lakini kuna tofauti kati ya kumwandalia mgeni kiti na kuongea badala yake.

Sumaku yako si jambo jipya. Alvin Lucier, mtunzi wa muziki Mmarekani, mwaka 1977 alifunga waya mrefu ndani ya ukumbi, ncha moja ikapita katikati ya sumaku kubwa, akaulisha umeme kutoka kwenye mashine ya sauti. Halafu akauacha! Haugusi, harekebishi, na waya wenyewe ukawa unabadilika, unanyamaza, unaibuka na sauti zisizotarajiwa. Nimeisikiliza kazi ile nikiwa nimejiandaa kuichukia, nikashindwa. Yule bwana alifunga vizuri, kisha akaondoka. Tofauti ni kwamba hakumwambia mtu kuwa ni upepo.

Basi ni udanganyifu au si udanganyifu? Ningekuwa nimekaa mbele yako ungeliona jibu usoni mwangu, na pengine ndiyo maana umeniandikia badala ya kupiga simu. Nimeanza kuandika neno, nimelifuta. Onyesho ni lako. Nitasema hivi tu: kama kuna sumaku, iwekwe mahali watu wanaiona, na swichi iwashwe mbele ya macho yao, si nyuma ya pazia. Na kabla ya kuiwasha, waache kwanza wakae na waya ulionyamaza, wakae vya kutosha mpaka mtu akohoe. Usiwaokoe haraka.

Ona, nimeshasema zaidi ya nilivyotaka.

Sasa niandikie mambo ya maana. Upepo wa hapo unatoka upande gani saa za onyesho? Waya unaelekea wapi? Umefungaje ncha, maana fundo linalosagika ndipo utakapokatika, na waya uliokazwa ukikatika hurudi kwa kasi kuelekea usoni. Watu wasikae kwenye mstari wake, hata mmoja. Na unene: umeandika "mwembamba kiasi". Hicho si kipimo. Upime kwa milimita, mahali patatu tofauti, uniletee namba.

Mama yako