Jibu: Mwewe mwekundu au shakivale?

Habari mkuu. Umeuliza kama ndege mkubwa wa kahawia anayezunguka juu ya mashamba huko Oxfordshire, Uingereza, ni mwewe mwekundu (red kite) au shakivale (buzzard), wote wawili ndege wawindaji.

Angalia mkia kwanza. Rangi ya mwili iache, maana shakivale wa Uingereza hutofautiana mno: wengine kahawia iliyokolea, wengine karibu weupe. Mkia wa mwewe ni mrefu, wa rangi ya kutu, wenye panda, na huupindapinda kila anapogeuka. Akiutandaza panda hufifia, kwa hiyo subiri aukunje. Wa shakivale ni mfupi na wa mviringo, na anapoelea huinua mabawa yake mapana kidogo.

Ukubwa usiutegemee akiwa peke yake angani, ingawa mabawa ya mwewe hufika sentimita 175 hadi 195 na ya shakivale 113 hadi 128.

Tega sikio pia! Shakivale hulia kama paka. Mwewe hupiga mluzi mwembamba unaotetema.

Uko karibu na vilima vya Chilterns, ambako mwewe walioletwa kutoka Hispania waliachiliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na sasa wamejaa. Lakini mashakivale nao wapo, na picha yako haionyeshi mkia, hivyo siwezi kukata shauri. Weka nyingine.