Mwezi bila nyama: njaa ya saa tano, gesi tumboni na hofu ya kuishiwa damu

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu wa lishe. Mimi ni mama wa miaka 34, nina kilo 62, naishi Morogoro. Nimeamua kukaa mwezi mmoja bila nyama, kuku wala samaki; mayai na maziwa sijaacha. Wiki ya kwanza imeisha na hali si nzuri. Asubuhi nakunywa chai ya rangi na chapati mbili. Mchana ni wali na mchicha, siku nyingine chips. Usiku ugali na mboga za majani. Maharage nakula mara mbili kwa wiki, kidogo tu, kwa sababu yananijaza gesi hadi nakosa raha. Ikifika saa tano asubuhi njaa inaniuma, mchana nasinzia kazini. Mama mkwe anasema nitaishiwa damu. Je, niendelee? Na kama ndiyo, nile nini na kwa kiasi gani?

JIBU: Endelea, dada, ila si kwa mlo huo uliouandika. Ulichofanya ni kuondoa nyama na kuiacha nafasi yake tupu. Wali na mchicha ni ule ule uliokuwa ukila zamani, umetoa tu kitoweo. Kinachokutesa ni upungufu wa protini, na chanzo chake ni mikunde kukosekana kwenye sahani yako. Watu wengi wanaoshindwa mlo wa mboga hushindwa hapo hapo, kisha wanailaumu mboga.

Tupige hesabu. Mtu mzima mwenye afya anahitaji takriban gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Kwa kilo 62 ni kama gramu 50. Kwa kuwa protini ya mimea husagwa tumboni kwa ukamilifu mdogo kidogo kuliko ya nyama, lenga gramu 55 hadi 60. Sasa siku yako: chapati mbili zinakupa kama gramu 9, vikombe viwili vya wali gramu 8 au 9, ugali wa jioni gramu 10 hivi, na mboga za majani gramu chache. Jumla haifiki 35, na siku ya chips inashuka zaidi. Tena karibu yote inatoka kwenye nafaka, ambazo zina lisini kidogo. Hiki ni kijenzi cha protini ambacho mwili hauwezi kujitengenezea, na mikunde inacho kwa wingi. Ndiyo maana makande ni chakula kizuri kuliko heshima tunayoyapa: mahindi na maharage yanazibiana mapengo. Si lazima viwe kwenye sahani moja, almuradi vyote viwili viliwe ndani ya siku.

Kipimo cha kushika ni vikombe viwili vya mikunde iliyopikwa kwa siku, kikombe cha mililita 250. Kikombe kimoja cha maharage, choroko, dengu, kunde au mbaazi kina kama gramu 15 za protini. Ongeza yai moja, gramu 6, na kikombe cha maziwa au mtindi, gramu 8. Hapo una 44, na nafaka za siku zinamalizia. Ukipima vikiwa vikavu, kikombe kimoja kilichopikwa hutokana na gramu 65 hadi 70. Kwa hiyo mwezi mzima kwa mtu mmoja ni kilo 4 hivi. Nunua aina tatu au nne, usijaze ndoo maharage peke yake. Utayachoka kabla ya wiki ya pili.

Lakini usianze na vikombe viwili kesho. Hapa ndipo gesi inapoingia. Maharage yana sukari za aina ya rafinosi na stakiosi ambazo utumbo mwembamba hauna kimeng'enya cha kuzivunja. Zinafika utumbo mpana zikiwa nzima, bakteria wanazichachusha, gesi inatoka. Anayekula maharage mara mbili kwa wiki kila mara anaanza upya. Anayekula kila siku kwa kiasi kinachopanda polepole hupata nafuu, mara nyingi ndani ya wiki mbili tatu. Anza na nusu kikombe mchana na nusu usiku, tena uanze na choroko au dengu zilizokobolewa, ambazo ni nyepesi tumboni. Baada ya siku tano au sita panda hadi robo tatu, kisha kikombe kizima. Wakati unapanda, zibia pengo kwa mayai mawili kwa siku na kiganja cha karanga, gramu 30, chenye protini kama gramu 7. Karanga zichambue kwa mkono na utupe zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu. Sumukuvu haiondoki kwa kukaanga, na sumu hiyo hiyo kwenye mahindi iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016.

Upikaji ni nusu ya dawa ya gesi. Chambua, osha, loweka jioni kwa maji mara tatu ya ujazo wa maharage, na kijiko cha chai cha chumvi kwa kila lita. Chumvi ya kulowekea hulainisha ganda. Wanaosema inalifanya ligome wamekosea. Saa 8 hadi 12 zinatosha. Kwa joto la Morogoro yakipita hapo yanaanza kuchachuka, basi badilisha maji katikati. Asubuhi mwaga maji yale yote, suuza, weka maji mapya. Sukari nyingi za gesi zinaondoka na maji hayo, kwa hiyo kuyapikia ni kujirudishia kile kile ulichokitoa.

Yakianza kuchemka, yaache yatokote kwa nguvu angalau dakika 10, ndipo upunguze moto. Kwa maharage mekundu hili halina mjadala: yana lektini, sumu ya asili ambayo, isipouawa na mchemko kamili, huleta kutapika na kuhara ndani ya saa chache, na moto mdogo wa muda mrefu hauiui. Anayetumia jiko la kikapu kuokoa mkaa achemshe kwanza dakika hizo 10 kamili, ndipo afunike kwenye kikapu. Nyanya, ndimu na ukwaju vije mwishoni, maharage yakishaiva, kwa sababu uchachu hukaza ganda na utaunguza mkaa bure. Magadi yanalainisha haraka, ni kweli, ila yanaharibu vitamini B1 na kuongeza sodiamu. Maharage yaliyolowekwa hayayahitaji. Yakigoma hata baada ya kulowekwa, ni ya zamani au yalihifadhiwa kwenye joto na unyevu. Badilisha muuzaji.

Wapishi wa Kihindi wa pwani yetu, wengi wao wasiogusa nyama maisha yote, hutia mvuje na binzari nyembamba kwenye dengu na choroko. Ladha inakuwa nzuri mno, jaribu. Gesi bado uitegemee kulowekwa.

Tuje kwenye hofu ya mama mkwe. Hana kosa la kuuliza. Chuma cha nyama hufyonzwa vizuri kuliko cha mimea, na maharage na nafaka zina faiteti zinazokishika chuma kisipite. Hata hivyo mwezi mmoja haumalizi damu ya mtu mwenye akiba. Chembe nyekundu huishi karibu siku 120, na mwili huchota kwenye akiba kwanza. Hatari ipo kwa aliyeanza akiwa tayari amepungukiwa, na wanawake wenye hedhi nzito wamo humo wengi bila kujua. Nenda zahanati upime hemoglobini, yaani wingi wa damu, wiki hii. Ikiwa chini ya 12 (gramu kwa desilita), ahirisha mwezi wako wa bila nyama, tibiwa kwanza. Ikiwa 12 au zaidi, endelea. Kusinzia kwako kwa sasa naona kunatokana na kula wanga mtupu kuliko na damu, ila kipimo ndicho kitakachotuhakikishia.

Kinachonisumbua zaidi ni chai. Tanini za chai na kahawa zikiingia pamoja na chakula zinaweza kupunguza ufyonzaji wa chuma cha mimea kwa nusu au zaidi. Isogeze: subiri angalau saa moja baada ya kula. Vitamini C inafanya kinyume chake, inakifungulia chuma njia. Kila mlo wenye mikunde uwe na kitu kibichi chenye vitamini hiyo: chungwa, pera (ambalo lina vitamini C mara kadhaa ya chungwa), kachumbari yenye hoho, au ndimu ukamulie ukiwa mezani, maana moto unaiharibu. Na usitegemee mchicha kukuongezea damu. Una chuma, ila mwili unaambulia kidogo sana. Ule kwa sababu nyingine nzuri ulizonazo. Uchachushaji na kuotesha mbegu hupunguza faiteti, kwa hiyo togwa na uji wa unga uliochachushwa vina nafasi yao hapa.

Siku yako basi iwe hivi. Asubuhi: yai la kuchemsha, nusu kikombe cha choroko zilizobaki jana, kiazi kitamu au chapati moja, na chungwa. Chai saa nne. Mchana: wali kikombe kimoja na nusu, maharage au mbaazi za nazi kiasi kile ulichofikia, mchicha, kachumbari. Saa kumi: mtindi au maziwa, mbali na mlo mkuu, kwa kuwa kalsiamu nayo inakizuia chuma kiasi. Usiku: ugali wa dona badala ya sembe, kunde au dengu, mboga ya majani, kipande cha pera. Njaa ya saa tano itakoma ndani ya siku chache. Nyuzinyuzi zimeongezeka, kwa hiyo ongeza maji pia, lita 2 hivi kwa siku, la sivyo utafunga choo. Mbaazi za nazi zitumie tui la pili. Tui zito la kila siku linakurudishia mafuta yale yale ambayo wengi wanaacha nyama ili kuyakwepa.

Nyama ya soya ya pakiti inafaa kwa siku ya haraka: gramu 30 kavu zina kama gramu 15 za protini. Chemsha, kamua maji, kisha unge. Ila soya mbichi iliyosagwa moja kwa moja kwenye unga wa lishe ni kosa linalofanyika mashineni kila siku. Ina vizuizi vinavyozuia protini kusagwa tumboni na huharisha. Ichemshwe dakika 20 hadi 30, ikaushwe, ikaangwe, ndipo isagwe.

Kwa familia, pika rosti moja ya kitunguu, nyanya na viungo, igawe sufuria mbili, yako itie mikunde na yao nyama. Angalia vidonge vya supu ya kuku au ng'ombe, na mchicha wa mgahawani uliotiwa dagaa. Watoto wa chini ya miaka 5 usiwaingize kwenye jaribio hili: tumbo lao ni dogo, mikunde inawashibisha kabla hawajapata nguvu ya kutosha. Mjamzito, mwenye ugonjwa wa figo, anayechoma insulini, na anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda (mboga za majani zina vitamini K inayoipinga dawa hiyo), aanze na daktari wake.

Mwezi ukiisha, pima hemoglobini tena kwenye zahanati ile ile. Ukipenda kuendelea na mayai na maziwa, yai moja na vikombe viwili vya maziwa kwa siku vinakutosheleza vitamini B12. Ukiacha na hivyo, nunua vidonge vya B12, angalau mikrogramu 10 kila siku, na uvianze mapema usingoje dalili. Akiba ya ini inaweza kukaa miaka kabla ya kuisha, na wakati huo ganzi ya miguu ikianza, mishipa ya fahamu huwa imeshaguswa.