Simu moja, watazamaji wengi mno

Ndugu mleta mada, umeuliza kwa nini umezima milio yote ya simu na bado akili haitulii kazini. Mimi nauza dagaa kwa jumla hapa mwaloni Kirumba, Mwanza, na kwa uzoefu wangu mlio ni sehemu ndogo tu ya tatizo. Kinachotafuna umakini ni kujua kwamba unatazamwa, tena na watu wasio wa aina moja.

Nikiweka picha ya magunia ya dagaa kwenye status ya WhatsApp, inakaa saa 24, na kabla sijabadilisha mipangilio, wengi wa walioiona niliwaona kwenye orodha. Humo nilimkuta mteja wa Dar es Salaam anayetaka bei, shemeji anayehesabu magunia na kukumbuka mchango wa harusi, mzee wetu wa kanisani, na mtu anayenidai. Ana kwa ana, kila mmoja ningezungumza naye kwa namna yake: mteja kwa bei, mzee kwa shikamoo na utulivu. Ndani ya simu wote walikaa baraza moja, nami nilitafuta maneno yasiyomkera yeyote, ambayo mwishowe hayakumfaa yeyote, kisha nilirudi kila mara kuchungulia nani kaona, huku mpimaji akinitajia kilo ninazopaswa kuandika daftarini.

Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alieleza kwamba mtu anapohama kazi moja kwenda nyingine, sehemu ya fikra hubaki kwenye ile ya kwanza, hasa ikiwa haijakamilika. Status haina kukamilika hadi saa zake ziishe, kwa sababu daima yupo ambaye hajaitazama.

Ndiyo maana sikubaliani na waliokushauri ufunge akaunti. Wengi wetu riziki inapitia humo. Mimi nilitenganisha watazamaji. Laini ya biashara ina simu yake na hailali nyumbani kwangu. Picha za familia wanaziona niliowachagua. Pia nimezima alama za bluu, zile za kuonyesha kwamba ujumbe umesomwa. Kwenye makundi bado zinaonekana, lakini ukizizima nawe huoni tena nani katazama status yako, na kwangu hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote.

Anza na hilo. Liko kwenye mipangilio, sehemu ya faragha. Wazazi na ndugu wa karibu waarifu kwanza, maana wapo watakaodhani umeacha kusoma ujumbe wao.