Mama alisema, "Huyu amelima"

Kamwene mkuu. Umeuliza Nargis, yule mwigizaji wa India, ana nini hasa, maana wewe umeona vipande viwili vitatu vya filamu yake Mother India mtandaoni na ukaona mwanamke mzuri anayelia sana. Wazee wa huku Iringa ukiwatajia filamu hiyo wananyamaza kwanza. Ngoja nikujibu kwa nilichokiona mwenyewe.

Mwaka 1978 nilikuwa darasa la tatu. Kaka yangu alikuwa amepata kibarua mjini, akatulipia tiketi za sinema mimi na mama. Tulitoka Ismani juu ya lori la mahindi, vumbi mpaka kwenye kope. Kihindi hatukijui hata neno, na mkanda wenyewe ulikuwa umechakaa, michirizi inashuka kama mvua. Mama alikaa kimya tangu taa zizimwe. Ikafika pale Radha, ndiye Nargis humo ndani, mume keshapoteza mikono yake miwili kwa kupondwa na jiwe, keshaondoka kwa fedheha na hajarudi, mama wa watu anajifunga plau mwenyewe na kuikokota shambani. Mama akaniinamia sikioni: "Huyu amelima."

Nikamuuliza umejuaje. "Mtazame miguu. Anavuta kwa mguu. Asiyejua huvuta kwa bega, jioni halali."

Miaka mingi baadaye nikasoma habari za Nargis. Hakuwa mkulima hata kidogo. Mama yake, Jaddanbai, alikuwa mwimbaji na mtengeneza filamu, na yeye aliingia mbele ya kamera tangu mtoto. Wakati Mother India inatoka, 1957, hajatimiza hata miaka 30, na humo ndani anaanza bi harusi anamaliza bibi kizee. Sunil Dutt anayecheza Birju, mwanawe, alizaliwa siku tano tu baada yake, Juni 1929! Sasa rudi umtazame anavyomchapa Birju na kumkumbatia, kisha uniambie kama uliwaza habari ya umri. Moto ulipowaka wakati wa kupiga picha, Nargis akazingirwa, ni huyo Dutt aliyeingia kumtoa, akaungua. Mwaka uliofuata wakaoana.

Lakini mwanamke aliyelima Ismani maisha yake yote alimtazama, akamhesabu mwenzake. Mimi sijaona tuzo inayozidi hiyo, ingawa filamu ilifika mpaka kwenye Oscar.

Kuna na lile deni. Mkwewe Radha alikopa rupia 500 za harusi kwa Sukhilala, mkopeshaji wa kijiji, wazee wa kijiji wakaamua robo tatu ya mavuno iende kwa riba. Kwetu mwaka wa njaa mama alichukua debe moja la mahindi kwa mfanyabiashara mmoja, akalipa matatu wakati wa mavuno. Niliyabeba mimi na dada. Kwa hiyo Sukhilala alipokuwa anapima nafaka kule kwenye kitambaa, ukumbi mzima ulikuwa unaguna. Hakuna aliyehitaji mkalimani.

Na pale mwisho, Birju keshakuwa jambazi, anamteka binti wa Sukhilala siku ya harusi yake, mama mtu anashika bunduki. Hapo ndipo utaona Nargis si wa kulia. Uso umekauka kabisa. Machozi yanakuja baada ya risasi, mtoto akiwa mikononi. Mama yangu alishika mkono wangu pale mpaka vidole vikafa ganzi.

Nargis alifariki Mei 1981 kwa saratani ya kongosho, hajafika miaka 52. Awaara na Shree 420 nazo nimeziona, amependeza mno humo, ila kwangu ni Radha.

Mkuu, achana na vipande. Tafuta filamu nzima, inakaribia saa tatu, na usiruke mwanzo. Utamkuta bibi kizee ameshika bonge la udongo, anaugusisha usoni. Mwaka jana nilimwekea mama kwenye runinga, sasa macho yake hayaoni vizuri. Alisogeza kigoda mpaka karibu na kioo, akauliza, "Ndiye yule aliyelima?" Nikamwambia ndiye.